Kabla hujashika sindano: namna ya kufanya uchunguzi wa magonjwa kwenye makundi ya ng'ombe na nyati wa kufugwa

Watu wengi wakiambiwa wakachunguze magonjwa kwenye mifugo, akili inakimbilia kwenye sindano, tyubu na kuliboksi. Wanaenda zizi lililo karibu na barabara, wanatoa damu kwa wale wapole, wanarudi maabara na karatasi imejaa namba, na zile namba hazisemi lolote kuhusu makundi ambayo hawakuyafikia. Kwa hiyo naanza na yale yanayofanyika kabla ya kutoka ofisini manake huko ndo uchunguzi mwingi unapoharibikia.

Cha kwanza amua unauliza nini, na uliandike swali kwa sentensi moja. Kuna maswali ya aina mbili ambayo watu huyachanganya sana. Moja ni "ugonjwa huu upo au haupo hapa?" na lingine ni "upo kwa kiasi gani?" Hesabu zake hazifanani. Ukitaka kujua kama ugonjwa upo, na unaamini kwamba kama upo basi utakuwa umewashika angalau 5% ya wanyama, ukipima 59 waliochaguliwa bila upendeleo kutoka kundi kubwa una uhakika wa 95% kwamba utamkuta angalau mmoja. Ukishusha ukasema angalau 1% unahitaji 299. Lakini ukitaka kujua kiasi, kwa mfano usome asilimia ambayo haipotei zaidi ya 5 juu au chini, na huna fununu yoyote ya kiwango kilivyo, namba ni 384, na kama tayari unajua kiko kwenye 20% hivi basi 246 wanatosha. Hizo ni namba za wanyama waliotawanyika kabisa, kitu ambacho kwenye mifugo hakipo, manake ng'ombe wa zizi moja wanakula pamoja wanakunywa pamoja wanaambukizana pamoja, ukimpima mmoja umeshajua nusu ya habari ya wenzake. Ndo maana watu wanazidisha mara 2 au zaidi kwa magonjwa ya kuambukiza. Na ndo maana wanyama 6 au 7 kutoka mazizi 60 wana thamani kubwa kuliko 48 kutoka mazizi 8, hata kama jumla inafanana na mafuta ya gari yanatumika zaidi.

Kwenye zizi dogo mambo yanabadilika. Zizi la wanyama 10 ambalo unataka kujua kama kuna hata mmoja mwenye ugonjwa, pima wote 10, hakuna njia ya mkato. Zizi la 30 ukitegemea angalau 3 wameambukizwa, 19 wanatosha.

Sasa orodha ya mazizi unaipata wapi? Hapa kuwa mkali. Orodha ya josho inaonyesha wanaoogesha, orodha ya chanjo inaonyesha waliojitokeza kuchanja, orodha ya wauza maziwa inaonyesha wenye maziwa ya kuuza. Yule mwenye ng'ombe 4 mbali na njia, ambaye hajawahi kuonana na mtaalam, hayupo kwenye orodha hata moja, na mara nyingi kwake ndo kuna ugonjwa. Kaa na viongozi wa wafugaji, andikeni kaya zote zenye mifugo kwa mkono ikibidi, zipeni namba, afu mchague kwa bahati nasibu, hata simu ina programu ya kutoa namba. Kama kundi lililochaguliwa limehama kutafuta malisho, lifuate au uwe umeandika tangu mwanzo nani atachukua nafasi yake, usiamue pale pale kwa kuangalia nani yuko karibu.

Na mnyama ndani ya zizi? Tuseme wapo 40 na unahitaji 8. Unawapitisha kwenye krashi, ile njia nyembamba ya kumbana mnyama, na unachukua kila wa tano, ukianzia na namba yoyote kati ya 1 na 5 uliyoipata kwa bahati. Usichukue 8 wa kwanza. Ukisimama mlangoni ukaangalia utaona wenyewe, wanaotangulia ni wale wababe, wenye afya, wanaosukuma wenzao, na wale waliokonda wanabaki nyuma kabisa wakisubiri njia iwe wazi. Kwa upande mwingine mwenye zizi anaweza kukuletea wagonjwa watupu akitegemea utawatibia, hapo mwambie kwa upole, "Mzee, huyu tutamwangalia pia, ila kwenye karatasi naandika wale waliotoka kwa namba." Mgonjwa muangalie kweli, usimwache, lakini asiingie kwenye hesabu.

Kuna jambo moja ningeomba kila anayeanza kazi hii alikamate vizuri, ugonjwa unaoua haraka huuoni siku ya kupima. Chambavu, kimeta, na ule ugonjwa wa koo kuvimba unaoletwa na bakteria Pasteurella multocida ambao nyati maji, yani hawa wa kufugwa, wanauawa nao zaidi kuliko ng'ombe, hizi zote zinaweza kumlaza mnyama leo na kesho amezikwa. Ukienda na tyubu zako utakuta waliobaki wako wazima, utaandika "hakuna", wakati mwenye zizi amepoteza ndama wote wa msimu. Magonjwa ya kukaa muda mrefu kama kifua kikuu, ugonjwa wa kutupa mimba (brusela), minyoo ya ini na ugonjwa wa kiwele usioonekana kwa macho ndo yanafaa kwa vipimo vya siku moja. Yale ya haraka yanapatikana kwa kuuliza na kwa kufuatilia vifo mwezi hadi mwezi.

Kwa hiyo kuuliza ni nusu ya kazi, na watu wanaifanya kwa haraka mno. Usiulize "je ng'ombe wako wana ugonjwa wa miguu na midomo?" manake ukishautaja atakubali kukuridhisha. Uliza "tangu mvua zilizopita mpaka leo, wanyama wako waliumwa nini?" halafu nyamaza. Akitaja jina la kienyeji liandike kama alivyolitamka, kisha muombe akueleze mnyama anaanzaje, anaonekanaje, anaishiaje, manake jina moja linaweza kubeba magonjwa mawili. Uliza wangapi waliugua, wangapi walikufa, wangapi waliuzwa wakiwa wagonjwa, hiki cha mwisho watu husahau kabisa na ndo kinachotoa ugonjwa kijiji hiki kuupeleka kingine.

Njia nzuri sana ya kuuliza kiasi bila kumlazimisha mtu kukumbuka tarakimu ni mawe au maharage 100. Unachora duara kwa kila ugonjwa alioutaja mwenyewe, na duara moja la wanyama ambao hawakuumwa, unamwambia agawanye mawe yote kulingana na ilivyokuwa mwaka huu. Ukikaa na mzee na mkewe na vijana wanaochunga utaona ubishi unaanza, kijana anasogeza mawe matatu kutoka duara la kuharisha kupeleka la kupe, mama anamkatalia manake ndama anawashika yeye, na ule ubishi wenyewe ndo data, uandike. Baadaye chora miezi au misimu chini waweke mawe tena, utapata kalenda ya magonjwa ambayo itakuambia urudi lini. Maelezo ya wafugaji kuulizwa kwa utaratibu yalisaidia sana kuufukuza ugonjwa wa sotoka, ambao ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na kisa cha mwisho kinachojulikana kilikuwa cha nyati pori, mwaka 2001, nchini Kenya.

Msimu unabadilisha matokeo na wengi hawaandiki walipima lini. Mapele ngozi yanapanda na wadudu wanaouma, magonjwa ya kupe yanafuata mvua, na minyoo ya ini mayai yake yanaanza kuonekana kwenye kinyesi wiki 10 hadi 12 hivi baada ya mnyama kuimeza, kwa hiyo ukipima mara tu mabwawa yanapojaa utasema hakuna. Umri nao hivyo hivyo. Ndama chini ya miezi 6 anaweza kuwa na kingamwili za mama yake alizozinywa kwenye maziwa ya mwanzo, ukimpima kutupa mimba utadanganyika, mwache. Lakini ukitaka ile minyoo mikubwa mviringo ya ndama wa nyati, Toxocara vitulorum, inayopita kwenye maziwa ya mama, lazima uwaendee ndama wa wiki 3 mpaka miezi 3 hivi, kwa wakubwa hutaona mayai. Na kwa ugonjwa wa miguu na midomo, ukitaka kujua kama virusi vimepita karibuni wachukue wa miezi 6 hadi 24, manake ng'ombe mzee anabeba historia ya miaka mingi kwenye damu yake na huwezi kujua aliugua lini.

Haya, tukienda kwenye krashi. Kabla ya kumgusa mnyama simama mbali umtazame dakika chache, anavyopumua, anavyotembea, kama anachechemea, kama anacheua, udenda, makamasi, ngozi, hali ya mwili. Joto la kawaida la ng'ombe mkubwa ni kati ya 38 na 39.3 hivi, nyati hayuko mbali na hapo, ila nyati ana tezi chache za jasho na ngozi nyeusi, akisimama juani nusu saa joto linapanda na wewe utaandika homa. Mpime asubuhi au mweke kivulini kwanza, na kama eneo lina dimbwi la kujilaza mwache amalize starehe yake ndo umlete, atakuwa mtulivu zaidi pia. Ngozi yake ni nene, mshipa wa shingo unahitaji sindano imara na mkono unaojua, wengine wanaona mshipa wa chini ya mkia ni rahisi kama krashi ni nzuri na mkia umeinuliwa wima.

Chukua mililita 5 hadi 10. Tyubu ya kifuniko chekundu ni ya seramu, yale maji yanayojitenga damu ikishaganda, iache imesimama kivulini damu igande, usiitikise, afu iwekwe kwenye baridi na seramu itenganishwe siku hiyo au kesho yake asubuhi. Usigandishe damu nzima kwenye friza, chembe zitapasuka na sampuli itakuwa nyekundu isiyofaa, kinachogandishwa ni seramu peke yake. Tyubu ya zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande, hiyo igeuze taratibu mara kadhaa ukishajaza, ni ya kuangalia wekundu wa damu na vijidudu vya ndani ya damu. Kwa babesia inayofanya mnyama akojoe damu, tone kutoka ncha ya sikio au mkia ni bora kuliko la mshipa mkubwa, manake vijidudu vya aina moja vinajificha kwenye mishipa midogo. Kwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, chomoa maji kidogo ya tezi iliyovimba mbele ya bega. Vyote hivi unavipaka kwenye slaidi, kile kioo kidogo cha darubini, slaidi ikauke, uizamishe kwenye methanoli, na uikinge na nzi manake nzi wanailamba yote.

Kinyesi chukua moja kwa moja kutoka ndani kwa glavu, gramu 10 hivi zinatosha, usiokote chini, huwezi kujua ni cha nani. Na waambie maabara unatafuta nini, manake mayai ya minyoo ya ini ni mazito hayaelei vizuri kwenye maji ya chumvi, yanahitaji kuachwa yazame, ukiwaacha waamue wenyewe watafanya ya kuelea tu na utapata sifuri.

Ugonjwa wa kiwele ndo rahisi kuliko vyote na unalipa haraka. Kamua michirizi ya kwanza uimwage, weka maziwa kidogo ya kila chuchu kwenye kikombe chake, ongeza dawa ya kipimo kiasi kile kile, zungusha sekunde 10 na uangalie. Yakibaki maji maji ni sawa, yakivutika kama ute kuna shida. Andika chuchu kwa chuchu, wala usiandike "ng'ombe ana tatizo" ukaishia hapo. Kwa kutupa mimba, kile kipimo cha waridi (Rose Bengal) kinachanganya tone la seramu na tone la dawa kwa kiasi sawa, unatikisa dakika 4 na kusoma hapo hapo, ukiona chembe chembe zozote ni chanya na unathibitisha kwa kipimo kingine. Kifua kikuu kinapimwa kwa dawa inayochomwa ndani ya ngozi na kinahitaji mrudi baada ya saa 72, kwa hiyo hakikisha mfugaji amekubali kuwepo mara mbili kabla hujachoma hata mmoja. Ukitumia dawa mbili shingoni, moja ya kifua kikuu cha aina ya ng'ombe na nyingine ya aina ya ndege, unyoe sehemu zote mbili, upime unene wa ngozi kabla na baada kwa kifaa, kidole hakitoshi. Kwa kusoma kwa kawaida, uvimbe wa upande wa ng'ombe ukizidi wa ndege kwa zaidi ya milimita 4 huyo ni chanya. Tena jamani ulizeni chanjo. Chanjo ya S19 ya kutupa mimba inaweza kumfanya mnyama mzima aonekane mgonjwa kwenye seramu, na kwenye miguu na midomo kuna kipimo maalum kinachotofautisha aliyechanjwa na aliyeambukizwa kweli, mradi chanjo iwe ile iliyosafishwa.

Usalama siufupishi. Mnyama aliyekufa ghafla, damu haigandi na inatoka puani au nyuma, usimpasue, mbegu za kimeta zikipata hewa zinakaa kwenye udongo miongo mingi. Kamata tone la damu ya sikio kama umefundishwa, funika, toa taarifa. Kondo la nyuma na kijusi kilichotupwa visishikwe mikono mitupu, ugonjwa wa kutupa mimba unaingia kwa binadamu na unakaa. Sindano moja mnyama mmoja, kila mara. Na viatu vyako ndo vinaweza kuwa chombo cha kusambaza virusi vya miguu na midomo, osha tope kwanza kisha uvilowanishe kwenye dawa, hata magadi ya sodiamu kaboneti 4% yanafanya kazi. Ukikuta vidonda vya ulimi na kwato siku hiyo uchunguzi umeisha, hauendi zizi lingine, unapiga simu kwa mamlaka ya mifugo.

Kama eneo linapakana na nyati pori waandike kwenye fomu yako, wanakunywa wapi, mifugo inakutana nao lini. Nyati pori wa Afrika anaweza kubeba virusi vya miguu na midomo mpaka miaka 5 bila kuonekana mgonjwa, na anabeba vijidudu vya ndigana kali vile vile.

Kuandika. Mpe kila mnyama namba moja inayokaa kwenye tyubu, slaidi, fomu na picha, mfano 014-07, zizi la 14 mnyama wa 7. Kupe kwenye pombe weka karatasi iliyoandikwa kwa penseli ndani ya chupa, wino utafutika. Umri uangalie meno na uandike idadi ya meno, usikisie miaka, manake nyati anabadilisha meno akiwa amechelewa kuliko ng'ombe. Ingiza kwenye kompyuta jioni ile ile wakati bado unakumbuka nani alikuwa na jeraha.

Kwenye hesabu usikimbilie kutangaza. Tuseme umepima 500, chanya 60, hiyo ni 12%. Kwanza ina utelezi, ukweli uko kati ya 9 na 15 hivi, na kama wanyama walitoka mazizi machache utelezi ni mkubwa zaidi. Pili kipimo chako si malaika. Kama kinakamata wagonjwa 90 kati ya 100, na kinawaachia wazima 95 kati ya 100, chukua 0.12 jumlisha 0.95 toa 1 unapata 0.07, gawa kwa 0.85 ambayo ni 0.90 jumlisha 0.95 toa 1, jibu ni 8.2%. Yani kama ugonjwa usingekuwepo kabisa, bado wanyama 25 kati ya hao 500 wangeonekana chanya. Halafu toa takwimu mbili tofauti, asilimia ya wanyama na asilimia ya mazizi yenye angalau mmoja, manake 8% iliyojazana kwenye mazizi 3 inadhibitiwa tofauti kabisa na 8% iliyosambaa kila mahali.

Ukimaliza rudi. Wafugaji wengi wameshatoa damu ya ng'ombe wao kwa watu ambao hawakuonekana tena, na wanakuwa na haki ya kufunga lango safari inayofuata. Mpe kila mmoja matokeo ya zizi lake peke yake kwa siri, kwa lugha yake, na mueleze nini cha kufanya kwa kila mnyama, maziwa yachemshwe, yupi atengwe, dume yupi asiuzwe kwa sasa. Matokeo ya jumla yasome kwenye mkutano wa wafugaji bila kutaja zizi la mtu. Yale ya magonjwa ambayo sheria inataka yaripotiwe yanatangulia kwenda kwa mamlaka kabla ya ripoti yako kuwa nzuri, na mfugaji ajue mapema, siku ile anasaini kukubali, kwamba hilo litafanyika.